Viza ya J-1 kwa utafiti wa miezi mitano: hiyo "miaka miwili" ni ipi hasa?

Udongo_Mwekundu aliandika:

Habari zenu wanajukwaa. Nilimaliza shahada ya uzamivu katika sayansi ya udongo mwaka jana, na sasa ninafundisha katika chuo kikuu cha umma. Profesa mmoja wa Marekani ambaye nimeandika naye makala mbili amenialika kufanya kazi katika maabara yake kwa miezi mitano. Ofisi ya wageni wa kimataifa ya chuo chake imenitumia fomu ya kujaza ili waniandalie DS-2019, ile hati ambayo mtu hawezi kuomba viza ya J-1, yaani viza ya wageni wa programu za mabadilishano, bila kuwa nayo. Nilidhani ni kazi ya jioni moja, kumbe nimekwama kwenye swali la tatu, linalotutaka mimi na profesa tuchague kundi: mtafiti mwanazuoni au mwanazuoni wa muda mfupi.

Profesa ameniambia nichague ninalotaka, kwa kuwa anaona tofauti ni ya jina tu. Mwenzangu wa idarani anasema nikichagua vibaya nitafungiwa miaka miwili. Mwingine naye anashikilia kwamba miaka miwili ni lazima kwa kila mwenye J-1, awe wa kundi lolote, na kwamba hakuna namna ya kuikwepa. Nimesoma maelezo mengi hadi nimezidi kuchanganyikiwa.

Yafuatayo huenda yakawasaidia kunijibu. Maabara itanilipia nyumba, na mfuko wa utafiti wa serikali ya nchi yangu utanilipia tiketi na posho. Profesa amedokeza kwamba huenda akanibakiza hadi mwaka mzima, au akaniita tena baadaye kwa nafasi ya utafiti ya miaka miwili, akipata fedha. Nina mume na mtoto wa miaka mitatu, na bado hatujaamua kama watafuatana nami. Mahojiano ya ubalozini pia yananitia hofu, ingawa nahisi hilo ni la mwisho katika foleni. Nitawashukuru sana waliopita njia hii.

Nimerudi_Salama alijibu:

Dada, profesa wako ana nia njema lakini hapo amekosea, na gharama ya kosa hilo naijua kwa sababu nililipa mimi.

Katika J-1 kuna miaka miwili ya aina mbili, na aina hizo hazina undugu wowote. Watu huzichanganya kwa sababu tu urefu wake ni mmoja. Mwenzako wa idarani anazungumzia ya kwanza na huyo mwingine anazungumzia ya pili, kwa hiyo kila mmoja ana nusu ya ukweli. Mimi nitaeleza ya kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyonipata.

Inaitwa katazo la miezi 24 la kurudia, na inamhusu tu mtu aliyeingia katika kundi la mtafiti mwanazuoni au la profesa. Kundi hilo humpa mgeni nafasi ya kukaa hadi miaka mitano, lakini nafasi hiyo hufungwa siku programu yake inapokwisha, hata kama aliitumia kwa wiki sita tu. Ikishafungwa, haruhusiwi kuanza upya katika makundi hayo mawili mpaka miezi 24 ipite, hata mwaliko mpya ukitoka chuo kingine kabisa.

Mimi nilikwenda kwa miezi minne nikiwa mtafiti mwanazuoni, na wala sikuulizwa. Ofisi ilinipangia kundi hilo kwa sababu ndilo ililozoea kuwapangia wote. Miezi tisa baada ya kurudi nikapata barua ya kwenda kufanya utafiti wa miaka miwili katika chuo tofauti. Ofisi ya chuo hicho ikaingiza jina langu kwenye SEVIS, mfumo unaotunza rekodi za wageni wa aina hii, ikaikuta programu yangu ya zamani, kisha ikaniandikia barua pepe ya mistari miwili kwamba haiwezi kunitolea DS-2019 hadi katazo liishe. Ilibaki miezi 15, na fedha za mradi zisingeweza kunisubiri muda wote huo. Akachukuliwa mtu mwingine.

Mwanazuoni wa muda mfupi hana katazo hilo. Akimaliza miezi yake mitano anarudi nyumbani, na hata mwezi unaofuata anaweza kuitwa kwa nafasi ndefu ya mtafiti mwanazuoni. Liko pia katazo dogo la miezi 12 kwa mtu aliyekuwa na hadhi ya J kwa zaidi ya miezi sita katika mwaka uliotangulia, lakini muda wa kundi hili hauhesabiwi humo. Kasoro yake ni kwamba miezi sita ndiyo mwisho, na hauongezwi hata kwa siku moja. Kwa hali uliyoieleza, mimi nisingesita.

Kifungu_kwa_Kifungu alijibu:

Naomba niichukue miaka miwili ya pili, kisha nitofautiane kidogo na ndugu aliyetangulia.

Hiyo ya pili imo katika kifungu cha 212(e) cha Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya Marekani, na ni sharti la kurudi na kuishi katika nchi yako kwa jumla ya miaka miwili. Si kweli kwamba linampata kila mwenye J-1. Linampata mtu ambaye programu yake imegharamiwa, hata kwa sehemu, na serikali ya Marekani au serikali ya nchi yake; mtu ambaye fani yake imo katika orodha ya ujuzi unaohitajika nchini kwake; na daktari anayekwenda kupata mafunzo ya ubingwa. Orodha hiyo ya ujuzi iliandikwa upya Desemba 2024 na nchi nyingi zikaondolewa, kwa hiyo uwe mwangalifu na ushauri wa watu waliosafiri wakati orodha ya 2009 ingali ikitumika.

Katika habari yako, kinachogusa kifungu hiki ni ile tiketi na posho kutoka mfuko wa serikali. DS-2019 itakapofika, tazama kisanduku cha 5, ambamo imeandikwa kwa dola nani analipa kiasi gani. Mmoja wa mistari yake ni wa serikali ya mgeni. Tarakimu ikikaa kwenye mstari huo, udogo wake haukuokoi. Afisa wa konsula naye huweka alama kwenye kona ya chini upande wa kushoto ya hati hiyo, na kwa kawaida viza huchapishwa ikiwa na maneno yanayosema kama sharti linakuhusu. Lakini alama hiyo ni maoni ya awali tu, na nimewahi kuona ikiwekwa kimakosa. Anayetaka jibu la uhakika huomba maoni ya ushauri kutoka Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani.

Wengi hawaulizi sharti hilo linazuia nini hasa. Linazuia kupata viza za kazi za aina ya H na L, viza ya uchumba ya aina ya K, na ukaazi wa kudumu, hadi utimize miaka miwili nchini kwako. Miaka hiyo si lazima ifuatane, ila huhesabiwa kwa siku ambazo mwili wako ulikuwa nchini, kwa hiyo safari za mikutano ya nje zinakatwa. Halizuii viza ya mwanafunzi wala ya matembezi, na halizuii J-1 nyingine. Umesema ndoto yako ni kuitwa tena kwa utafiti wa miaka miwili, na nafasi za namna hiyo mara nyingi hutolewa kwa J-1. Kwa ndoto hiyo 212(e) haikudhuru, bali lile katazo la miezi 24 ndilo lingekukwamisha.

Msamaha wa sharti upo, huombwa kwa fomu DS-3035, na njia inayotumiwa sana ni barua ya serikali yako kusema haina pingamizi. Usiuhesabu kabla ya wakati. Serikali iliyokulipia ndiyo utakayoiomba barua, na wizara ya Marekani ikishapendekeza usamehewe, programu uliyo nayo hairefushwi tena.

Sasa ninapotofautiana na ndugu Nimerudi_Salama. Kundi la muda mfupi si jibu la kila mtu. Ikiwa profesa ana fedha za mwaka mzima na ziko kwenye maandishi, basi mtafiti mwanazuoni ni bora, kwa kuwa utarefusha DS-2019 ukiwa huko huko na kuendelea na kazi, wakati mwenzako wa muda mfupi atalazimika kufunga mizigo na kuanza mchakato mpya wa viza kutoka nyumbani, pamoja na mahojiano yake. Muulize profesa swali moja tu: fedha ziko, au zinatarajiwa?

Udongo_Mwekundu aliandika:

Nawashukuruni nyote wawili. Kwa mara ya kwanza nimeelewa kwa nini watu wawili wanaweza kunipa majibu yanayopingana na wote wakawa wanasema jambo la kweli. Nimemwandikia profesa. Amejibu kwamba ombi lake la fedha bado linajadiliwa na matokeo yatatoka baada ya mimi kuwa nimekwisha kurudi. Fedha, basi, zinatarajiwa.

Je, kuna aliyewahi kufuatana na mwenzi wake kwa J-2, ile viza ya mwenzi na watoto wa mwenye J-1?

Baba_Wawili alijibu:

Mimi nilikuwa J-2, na watu hucheka nikiwaambia nilimfuata mke wangu. Nitasema niliyoyaona.

Mume na mtoto kila mmoja hutolewa DS-2019 yake, hujaza DS-160 yake, yaani fomu ya maombi ya viza, na hulipiwa ada ya maombi ya viza, dola 185. Ada ya SEVIS, ambayo kwa mtafiti ni dola 220, inalipwa na mwenye J-1 peke yake. Kabla ya kuwatolea hati zao, chuo kitataka kuona una fedha za kuwatunza, na kiasi kinachotakiwa kwa kila mtu hutofautiana kati ya chuo na chuo, kwa hiyo kiulizie mapema.

Gharama iliyotushtua ilikuwa bima. Kanuni inataka kila mmoja wenu, mtoto akiwemo, awe na bima ya afya inayofikia angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, dola 50,000 za kumsafirisha mgonjwa hadi nchini kwake na dola 25,000 za kurudisha mwili wa marehemu, na kiwango ambacho mgonjwa hujilipia mwenyewe kisizidi dola 500. Tulikuwa tumenunua bima ya wasafiri iliyoonekana nzuri kabisa kwenye karatasi. Mwanamke wa ofisi ya wageni aliishika, akapitisha kidole kwenye mistari, akasimama kwenye neno "kuondolewa kwa dharura", akaturudishia akisema dola 30,000 hazitoshi. Tukanunua nyingine siku ile ile, na ile ya kwanza hatukurudishiwa fedha. Mwenye J-1 anayekataa kwa makusudi kuwa na bima, kwake mwenyewe au kwa familia yake, hukatishiwa programu, kwa hiyo bima si jambo la kubahatisha.

Kuhusu kazi, mwenye J-2 anaweza kuomba kibali kwa fomu I-765, ila maombi huanza baada ya kuingia nchini, na anachokipata hakiruhusiwi kuwa ndicho kinachomtunza mwenye J-1. Mimi kibali changu kilifika katika mwezi wa tano tangu tuingie nchini. Kwa safari ya miezi mitano, mumeo atarudi nyumbani akiwa na kadi mpya mfukoni ambayo hakuitumia. Jambo jingine, sharti la 212(e) likikushika wewe, linawashika na wao. Mngekuwa mnakwenda kwa miaka miwili ningekwambia wachukue bila kusita. Kwa miezi mitano, sina hakika.

Dirisha_la_Sita alijibu:

Mimi nilikwenda kwa kundi la mafunzo ya kazi na si la utafiti, lakini dirisha la mahojiano ni lile lile, nami nililipitia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilinyimwa.

Sheria, katika kifungu cha 214(b), inamtaka afisa aanze kwa kudhani kwamba unakusudia kuhamia, na ni juu yako kumwondolea dhana hiyo. Nilijua hivyo, kwa hiyo nilibeba faili nene: hati ya kiwanja, barua ya mwajiri, vyeti, picha za familia. Afisa hakufungua hata ukurasa mmoja. Alichukua DS-7002, ile fomu ya mpango wa mafunzo inayotakiwa kwa kundi letu, akaisoma kwa kitambo, kisha akauliza, "Siku ya kwanza kazini, nani atakuelekeza?" Jina lilikuwa kwenye karatasi aliyoshika. Nilikuwa nimeitia saini mwenyewe, na sikulikumbuka. Nikaanza kueleza habari za kiwanja. Yote hayo hayakufika dakika tatu, nikakabidhiwa karatasi ya kukataliwa.

Niliporudi mara ya pili sikuongeza hati yoyote. Niliusoma mpango wangu hadi nikaweza kuueleza kwa sentensi tatu: ninakwenda kujifunza nini, kwa nani, na nikirudi ujuzi huo utatumika wapi. Nililipa upya dola 185 na kujaza DS-160 mpya, ila ada ya SEVIS sikuilipa tena, kwa kuwa anayeomba upya katika kundi lile lile ndani ya miezi 12 hailipi. Wewe una makala mbili ulizoandika na mwenyeji wako na una darasa la kurudia kufundisha. Hayo yana uzito kuliko hati za ardhi, mradi uyaseme mwenyewe kwa utulivu bila kusubiri yasomwe.

Kwa kuwa unakwenda maabara, chukua wasifu wako, orodha ya machapisho na maelezo ya utafiti ya ukurasa mmoja ambayo mtu asiye mwanasayansi anaweza kuyaelewa. Maombi ya watafiti wakati mwingine huwekwa kando kwa uchunguzi zaidi chini ya kifungu cha 221(g), na huko huulizwa karatasi hizo hizo. Uchunguzi huo huweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo usinunue tiketi isiyobadilishika.

Mambo machache yamebadilika tangu nilipokwenda mimi. Tangu Juni 2025 waombaji wa J-1 wanatakiwa kuziacha wazi akaunti zao za mitandao ya kijamii ili maafisa wazipitie, na DS-160 inauliza majina yote uliyotumia mitandaoni kwa miaka mitano iliyopita. Hata ile akaunti uliyoisahau iandike. Tangu Septemba 2025 maombi yanapaswa kufanyiwa katika nchi ya uraia wako au unakoishi, hivyo ule ujanja wa kukimbilia ubalozi wa nchi jirani wenye foleni fupi umekwisha. Na kabla ya kulipa ada yoyote, hakikisha uraia wako haumo katika amri za rais zinazosimamisha viza, za J zikiwemo, kwa raia wa baadhi ya nchi. Burundi iliwekwa katika amri ya Juni 2025, na Tanzania ikaingia katika nyongeza ya Desemba mwaka huo huo. Orodha hizo hubadilika, kwa hiyo soma iliyopo siku unayolipa, si ile uliyosimuliwa.

Udongo_Mwekundu aliandika:

Uraia wangu haumo, nimekagua leo. Tumeamua nyumbani kwamba mume wangu na mtoto watabaki. Nimechagua mwanazuoni wa muda mfupi, na posho ya serikali nimeitaja waziwazi kwenye fomu, ili kisanduku cha 5 kisije kikatofautiana na nitakayoyasema dirishani.

Nina swali dogo la mwisho: programu inaanza tarehe 1 ya mwezi. Je, naweza kufika mapema nitafute nyumba?

Kifungu_kwa_Kifungu alijibu:

Unaweza kuingia hadi siku 30 kabla ya tarehe iliyo kwenye DS-2019, lakini usianze kazi ya maabara kabla ya tarehe yenyewe. Ukifika, jambo la kwanza ni kujiandikisha katika ofisi ya wageni, maana wao ndio wanaothibitisha rekodi yako kwenye SEVIS, na usipothibitishwa ndani ya siku 30 tangu programu ianze, rekodi hufungwa kana kwamba hukufika. Mwishoni utakuwa na siku 30 nyingine za kufunga mizigo na kutembea, bila kufanya kazi.

Hati ikikufikia, kabla ya kulipa ada ya SEVIS, linganisha herufi za jina lako na za pasipoti, kisha usome kisanduku cha 4.

Udongo_Mwekundu aliandika:

Narudi baada ya wiki tatu. DS-2019 ilikuja juzi kwa barua pepe. Jina liko sawa, tarehe ziko sawa, posho imekaa kwenye mstari wake, na kisanduku cha 4 kilikuwa kimeandikwa mtafiti mwanazuoni. Nimewarudishia nikiwa nimeambatanisha fomu yangu ya awali. Walijibu kwa adabu kwamba mfumo wao hujaza kundi hilo wenyewe usipobadilishwa kwa mkono, na leo asubuhi wamenitumia iliyosahihishwa. Kesho ninalipa dola 220.